Mbio za Magari na Mpaka wa Namanga

Wenzangu chuoni hustaajabu: mhadhiri mwenye shahada ya uzamivu, mzaliwa wa Mkomaindo, Masasi, awezaje kuwa shabiki sugu wa mbio za magari? Huwajibu kwamba mbio hizo zimebeba historia yetu. Safari Rally ilianza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Asili yake ni ya kikoloni, lakini wana wa Afrika Mashariki waliifanya yao: Joginder Singh aliishinda mara tatu, Shekhar Mehta mara tano. Baadaye ikabaki Kenya pekee.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, ikafufuliwa kwa mkataba wa 1999. Safari nayo ilirejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, ila haivuki mpaka. Najua mashindano ya siku hizi hutaka njia fupi zaidi. Hata hivyo najiuliza: ikiwa gari linalotazamwa na dunia nzima halipiti Namanga, mchuuzi mwenye gunia moja la mahindi ategemee nini?