Kitufe cha Mono

Mwaka jana nilinunua amplifaya ya tatu. Mtumba, Kariakoo, kwa fundi aliyeapa mbele ya wateja wengine kwamba haijawahi kufunguliwa. Ilikuwa na nguvu mara mbili ya ile ya nyumbani, na mimi ambaye riziki yangu ni kuuliza watu maswali, siku hiyo sikuuliza hata moja. Ningesoma kidogo tu ningejua kwamba nguvu ikizidishwa mara mbili, sauti inapanda desibeli tatu. Sikio linaitambua tofauti hiyo, lakini si ya kumdanganyia mke. Nilimwambia ni ya rafiki, namtunzia.

Wiki hiyo hiyo baba akaja kutoka Tanga. Alikuwa na miadi hospitali; sikio lake la kulia limekuwa likififia tangu astaafu, na sasa halisikii karibu chochote. Jioni nikamkalisha kwenye kile kiti cha katikati ambacho watoto hawaruhusiwi kukisogeza. Nikamwekea Mbaraka Mwinshehe. Baba alikuwa kijana Mbaraka alipofariki, 1979, na bado humtaja kama mtu aliyehama mtaa tu.

"Sikia besi hapo, mzee." Nikakata, nikaweka Marijani Rajab. "Na hapa, sikia tumba zilivyo kavu." Nikakata tena. Dakika ishirini hivi.

"Mwanangu," akasema, "hizi nyimbo hazina mwisho?"

Nikacheka. Halafu usiku, kitandani, nikajaribu kukumbuka lini niliusikiliza wimbo mmoja hadi ukaisha. Sikumbuki. Nilikuwa najua mianzo tu. Na kwenye dansi la zamani kuishia mwanzoni ni hasara kubwa, maana utamu uko nyuma kule, waimbaji wanaponyamaza na magitaa yakaachiwa yaongee.

Asubuhi nilianza upya, bila kununua kitu. Spika zilikuwa zimebanwa kwenye kona, na kona huvimbisha besi mpaka inafunika sauti ya mwimbaji. Nikazivuta mbele, nusu mita kutoka ukutani. Nikapima kwa hatua ili umbali kati ya spika na spika ulingane na umbali wa kila moja hadi kwenye kiti. Nikaziinua juu ya matofali, zile spika ndogo za juu zikae usawa wa masikio. Kisha nikapiga kofi moja katikati ya sebule. Chumba kikajibu. Sakafu ya vigae, kuta tupu, dirisha la vioo: sauti inagonga na kurudi imechafuka. Tukatandika zulia la chumbani, nikahamishia kabati la vitabu kwenye ukuta ulio nyuma ya kiti. (Nyie wa humu vitabu mnavyo, msinunue sponji.) Mke wangu alishika upande wa pili wa kabati, akauliza huyo rafiki anakuja lini kuchukua mzigo wake. Nikamwambia ukweli tukiwa bado tumelibeba. Hakuliachia, ila hakuongea na mimi mpaka chakula cha jioni.

Jioni baba akarudi kwenye kiti. Zamu hii niliweka kanda aliyokuja nayo mwenyewe, ya bendi ya miaka ya themanini, imerekodiwa kwa stereo. Nikaketi chini, mikono mapajani. Baada ya muda nikaona anageuza kichwa, anatafuta kitu. Gitaa la rithimu lilikuwa upande wa kulia peke yake, upande wa sikio lililokufa, na lilimfikia kama redio ya jirani. Hesabu yangu yote ya hatua na matofali ilikuwa ya mtu mwenye masikio mawili.

Kwenye amplifaya kuna kitufe kimeandikwa MONO. Sikuwahi kukigusa, nilikiona cha kizamani. Nikakibonyeza. Spika zote mbili zikaanza kutoa kitu kimoja, ile picha pana niliyoihangaikia mwaka mzima ikajikunja ikawa sauti moja katikati. Baba akaacha kugeuka.

"Eeh," akasema. "Huyu hapa."

Hatukuongea tena mpaka upande A ulipokwisha. Akaniomba nigeuze kanda. Mke wangu akatoka jikoni akifuta mikono, akakaa kwenye mkono wa kile kiti kisichoguswa, na hakuna aliyemwambia ainuke.