Gramu 442 za malakiti

Ndugu yangu, kama hesabu za kemia zinakunyima usingizi, naomba unisikilize.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari hapa Lubumbashi, upande wa kemia na biolojia. Mtihani wa Serikali ulikuwa unakaribia. Baba hakuwa na kazi. Karo yangu ilitoka kwenye makala, yaani makaa ya kupikia, ambayo mama aliuza kule Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi.

Fomula nilizijua. Kusawazisha mlinganyo nilikuweza. Lakini swali likitoa gramu za kitu kimoja na kudai gramu za kingine, akili ilijifunga.

Usiku mmoja ulizidi yote. Umeme umekatika. Mshumaa unaisha. Swali ni hili: gramu 442 za malakiti, lile jiwe letu la kijani la Katanga, zikichomwa zitabakiza gramu ngapi za oksidi ya shaba? Nasoma. Sioni kitu. Nasoma tena. Mikono inatetemeka. Nawaza mgongo wa mama chini ya gunia. Nikafunga daftari. Nikamwambia Mungu, siwezi tena.

Mama alinisikia. Kemia hakuisoma, lakini alipiga magoti pamoja nami, kisha akamwamsha yaya, ndugu yangu mkubwa.

Yaya aliokota kipande cha makala, akaandika sakafuni. "Kilo ya karanga na kilo ya maharagi, mbegu zake ni sawa kwa idadi?"

"Hapana, yaya."

"Basi mlinganyo nao unahesabu moli, hauhesabu gramu. Toka kwanza kwenye gramu."

Moli 1 ya malakiti ina gramu 221. Kumbe nina moli 2. Kila moli 1 hutoa moli 2 za oksidi ya shaba, kwa hiyo ni moli 4. Moli 1 ya oksidi hiyo ni gramu 79,5. Mara 4, gramu 318.

Sikuamini. Gramu 124 zimepotelea wapi? Yaya akahesabu kilichopaa: kaboni dioksidi gramu 88, mvuke wa maji gramu 36. Jumla 124. Nililia. Mama naye akalia.

Mungu alisaidia, nikafaulu, majirani wakanimwagia poda kichwani. Lakini hata leo nikiona "gramu ngapi", tumbo hunikaza. Wewe uliye macho usiku huu, mwamshe mtu wa nyumbani, na gramu ulizopewa uzigawe kwanza kwa gramu za moli 1.