Hamsini kwa Mia

Kiswahili kina neno kiunga. Hapo kale lilitaja shamba la miti ya matunda lililokuwa karibu na mji. Baadaye maana yake ikapanuka, yakaitwa viunga makazi yote yaliyo pembezoni mwa mji. Yamkini anayesoma leo kuhusu "viunga vya Nairobi" hawazii tena miembe wala michungwa. Tena afadhali asiwaze, maana akifika Kitengela, kilomita 30 hivi kutoka katikati ya jiji kwa barabara ya Namanga, ataona mawe, mabati na seng'enge.

Kipimo cha maisha huko ni hamsini kwa mia: ploti ya futi 50 kwa futi 100. Wauzaji huinadi kuwa ni thumuni ya ekari, ingawa hesabu inakataa. Futi 5,000 za mraba hazitimizi thumuni, ambayo ni futi 5,445. (Thumuni ile nyingine, sarafu ya senti 50, nayo ni nadra kuonekana madukani.)

Anayeinunua aghalabu amechoka kulipa kodi ya nyumba Umoja au Kayole. Hujenga kwa awamu, msingi mwaka huu na kuta mwaka ujao, akahamia kabla madirisha hayajatiwa vioo. Maji ya kisima yana chumvi, kwa hiyo hungoja lori la maji. Tangi, shimo la maji taka na mahali pa kuegesha gari ambalo bado hajalinunua vikishapata nafasi, hapabaki pa kupanda hata mpapai. Saa kumi na nusu alfajiri yumo njiani kwenda kazini. Hurudi usiku, watoto wamelala. Nyumba aliyojinyima miaka kumi ili aijenge, mchana huiona Jumapili tu.

Nchi hiyo haikuwa tupu. Ilikuwa ranchi ya kikundi ya Wamaasai, ikagawanywa mwaka 1988. Miaka miwili baadaye sheria ikaruhusu maeneo maalumu ya viwanda vya bidhaa za kuuza nje, na viwanda vya Athi River vikavuta wafanyakazi waliohitaji pa kulala. Sensa ya 2009 ilihesabu watu wapatao 58,000 Kitengela. Ya 2019 ikapita 150,000. Nyumbu wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ambao masika walizoea kuvuka kwenda nyanda za kusini, wakakuta nyua. Mwaka 2000 ulianzishwa mradi wa kuwalipa wafugaji dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasizungushe ua wala kuuza. Dola nne mbele ya bei ya ploti! Juni 2012, simba sita walioingia zizini na kuua mbuzi waliuawa na wakazi.

Si haki kumlaumu mwenye ploti, wala mfugaji aliyeuza ili alipe karo. Ardhi iligawanywa kwanza. Barabara, maji na njia za mifugo zikafikiriwa baadaye, kama zilifikiriwa.

Wakati wa kiangazi ng'ombe hulishwa kando ya lami, kwenye ukanda mwembamba ambao haujauziwa mtu. Wakivuka, matatu husimama. Dereva hupiga honi, mchungaji hageuki, na abiria hutazama saa zao.