Swamimalai, Kijiji cha Wasubu Sanamu Kando ya Mto Kaveri

Upande wa kusini wa Bara Hindi, katika jimbo la Tamil Nadu, upo mto uitwao Kaveri. Chimbuko lake ni milima ya Kodagu iliyo upande wa magharibi, nao hushuka kuelekea mashariki mwendo wa maili 500 hivi mpaka kuingia katika Ghuba ya Bengali. Kabla ya kufika baharini mto hugawanyika matawi mengi, na nchi iliyo kati ya matawi hayo ni tambarare tupu, yenye mashamba ya mpunga, minazi na migomba. Katika nchi hiyo, maili tano magharibi ya mji wa Kumbakonam, ndipo kilipo kijiji cha Swamimalai.

Jina lenyewe lataka kuelezwa. Katika Kitamil neno "malai" maana yake ni mlima, lakini mgeni afikapo kwa mara ya kwanza hutazama huku na huku asione mlima wo wote. Nchi yote ni sawasawa kama sinia. Mlima uliopo ni kazi ya mikono ya watu: mawe yamepangwa juu ya mawe hata yakafika kimo cha futi 60 hivi, na juu yake likajengwa hekalu. Vipandio vya kufikia juu ni 60, wala hesabu hiyo haikuja kwa bahati. Watamil huhesabu miaka kwa mzunguko wa miaka 60, na kila mwaka una jina lake. Mzunguko ukiisha majina huanza upya. Kila kipandio basi ni mwaka mmoja. Desturi ya watu hao ni kwamba mume akitimiza miaka 60, yeye na mkewe hufungishwa ndoa mara ya pili, kwa maana amemaliza mzunguko mmoja na kuanza mwingine.

Mwenye hekalu ni mungu Murugan, ambaye Watamil humpenda kuliko wengi wa miungu yao. Husimuliwa kwamba Murugan alipokuwa mtoto alikutana na Brahma, aliyeumba ulimwengu, akamwuliza maana ya neno "Om" ambalo kwalo Wahindu huanzia sala zao. Brahma alilitamka neno hilo kila siku, lakini alipotakiwa kulieleza alishindwa. Mtoto akamtia kifungoni, na kazi ya kuumba ikasimama. Ndipo Shiva, baba yake Murugan, alipokuja kumwombea mfungwa. Alimtaka mwanawe alieleze neno hilo yeye mwenyewe kama kweli anajua. Murugan akajibu kwamba anajua, lakini mwenye kujifunza hana budi kukaa kama mwanafunzi mbele ya mwalimu wake. Baba akainama, akatega sikio, na mtoto akamnong'oneza. Kwa sababu hiyo mungu wa Swamimalai huitwa Swaminatha, yaani bwana wa bwana. Watamil ni watu wenye kumheshimu sana baba na mwalimu, na hadithi hii inayomweka baba chini ya mwanawe ni ya ajabu kidogo kwao. Labda ndiyo sababu hawachoki kuisimulia.

Lakini kijiji hiki hakikupata sifa kwa hekalu peke yake. Katika vichochoro vyake zimo nyumba nyingi ambamo mchana kutwa husikika mlio wa tupa na patasi juu ya shaba. Hapo wanakaa mafundi waitwao stapati, wenye kusubu sanamu za miungu kwa ajili ya mahekalu, nao hufanya kazi yao kwa njia ambayo haikubadilika sana kwa muda wa miaka 1,000. Kazi yenyewe, kwanza na mwisho, hutegemea matope ya mto.

Kwa hiyo inafaa kusema kidogo juu ya mto. Kaveri si mto wa kuachwa ujiendee. Mfalme Karikala wa ukoo wa Chola husemwa kuwa ndiye aliyejenga bwawa la mawe liitwalo Kallanai, yapata miaka 1,800 iliyopita, ili kuyageuza maji yaende mashambani badala ya kupotea baharini. Bwawa hilo lingali linafanya kazi hata leo, ingawa limetengenezwa mara nyingi. Katika miaka ya 1830 injinia Mwingereza, Arthur Cotton, alilichungulia kwa makini, akastaajabu jinsi watu wa kale walivyoweza kuweka mawe juu ya mchanga yasizame, naye akajenga bwawa jingine juu yake kwa kufuata mfano huo. Mwaka 1934 likamalizika bwawa kubwa la Mettur. Siku ambayo wakulima wa huko huingojea zaidi ni tarehe 12 Juni, ambayo kwa desturi ndiyo siku ya kufunguliwa maji ya Mettur kwa mpunga wa kwanza. Maji yakichelewa, msimu umeharibika. Mwezi wa Agosti unapoanza, siku ya 18 ya mwezi wao wa Aadi, wanawake huteremka mtoni na maua na wali wa namna namna, wakaushukuru mto kama mtu anavyomshukuru mama yake.

Mto huo huo umeleta ugomvi mwingi. Jimbo la Karnataka liko juu na Tamil Nadu iko chini, na wa juu ndiye anywaye kwanza. Mapatano yalifanywa mwaka 1892 na tena 1924. Baraza la hukumu likaundwa mwaka 1990. Na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya India ikakata ni kiasi gani cha maji kila jimbo litapata. Iko miaka ambayo mvua ilikuwa haba, na watu wa Kumbakonam wakautazama mto wao ukiwa mchanga mweupe kutoka ukingo hadi ukingo. Tena bwawa huzuia matope pamoja na maji. Jambo hilo mkulima hulijua kwa shamba lake, na msubu sanamu hulijua kwa kalibu yake.

Matope yatakiwayo ni yale laini sana ambayo mto huyaacha baada ya maji kupungua. Chembe zake ni ndogo kama unga, na moto haziyapasui kwa urahisi. Yasemekana kwamba mababu wa mafundi walikaa Swamimalai kwa sababu waliyakuta hapo matope kuliko mahali pengine po pote pa mto.

Kazi huanza kwa ukuti wa mnazi. Fundi hukata utepe wa ukuti wenye urefu sawa na sanamu itakiwayo, akaukunja mara kwa mara mpaka umegawanyika sehemu zilizo sawa. Kipimo ni uso: kutoka mwanzo wa nywele mpaka kidevuni ni uso mmoja, na vitabu vya kale vya kazi hiyo hueleza mungu gani awe na urefu wa nyuso kumi, na nani awe wa tisa au pungufu. Basi sanamu ikiwa ya shubiri moja au ya kimo cha mtu, utepe ule ule wa ukuti huongoza kila kiungo.

Baada ya kupima, fundi huchukua nta ya nyuki iliyochanganywa na utomvu wa mti unaofanana na sandarusi na mafuta kidogo ya karanga. Kwa nta hiyo huumba sanamu nzima, kila kidole na kila ushanga, akiilainisha kwa moto na kuigandisha kwa maji baridi. Ikiisha huipima kwa mizani, kwa kuwa uzito wa nta ndio utakaomwambia shaba ngapi zahitajiwa: mara nane ya nta, au zaidi.

Sasa ndipo matope ya Kaveri yanapoingia kazini. Tabaka la kwanza ni matope laini yaliyosagwa pamoja na makapi ya mpunga yaliyochomwa. Hupakwa juu ya nta kwa uangalifu mwingi, maana alama ya kucha iliyo katika nta yapasa kuonekana ndani ya udongo pia. Likikauka, hupakwa la pili lenye mchanga, kisha la tatu lililo zito, na kalibu kubwa hufungwa kwa nyaya za chuma ili isipasuke. Halafu hupashwa moto wa samadi kavu ya ng'ombe. Nta yote huyeyuka ikatoka kwa matundu yaliyoachwa, na ndani hubaki nafasi tupu yenye umbo la mungu.

Kalibu hufukiwa ardhini mdomo ukiwa juu. Shaba nyekundu, shaba ya manjano na risasi huyeyushwa pamoja, na punje kidogo za fedha na dhahabu hutiwa ili madini yatimie matano. Mara nyingi mwenye kuagiza sanamu huja kuzitia kwa mkono wake mwenyewe. Shaba iliyoyeyuka humiminwa kwa mkondo mmoja usiokatika. Wakati huo hakuna asemaye neno. Mkono wa mmiminaji ukisita, au kalibu ikiwa na unyevu, kazi ya wiki nyingi imepotea, kwani sanamu yenye kasoro haifai kuabudiwa, na dawa yake ni kurudishwa motoni. Ikiwa imepoa, kalibu huvunjwa kwa nyundo. Haiwezi kutumika tena, na nta nayo imekwisha kutoka, kwa hiyo hakuna sanamu mbili zilizo sawasawa kabisa. Baadaye huja tupa, patasi, na kuoshwa kwa maji ya ukwaju. Macho huachwa hadi mwisho, yakachongwa kwa ibada, na kuanzia hapo mafundi hawaiiti shaba tena.

Kazi hiyo ilistawi hasa chini ya wafalme wa Chola. Mfalme Rajaraja wa Kwanza alimaliza hekalu kubwa la Thanjavur mwaka 1010, na katika kuta zake yameandikwa kwa patasi maelezo ya sanamu za madini zilizotolewa humo, vimo vyake na vito vyake, kwa utaratibu ambao karani ye yote wa bohari angeusifu. Sanamu za mawe hazitoki hekaluni. Hizi za shaba ndizo huvikwa hariri na kutembezwa barabarani siku za sikukuu, ili hata mgonjwa aliyeketi kizingitini amwone mungu wake.

Kitu kinachochukulika huchukuliwa pia na mwivi. Mwaka 1311 jeshi la Malik Kafur lilipofika kusini kutoka Delhi, makuhani wengi walizifukia sanamu zao ardhini, na wengine wakafa bila kumwambia mtu. Mpaka leo jembe la mkulima hugonga shaba. Mwaka 1976, katika kijiji cha Pathur katika nchi hiyo hiyo ya Kaveri, kibarua mmoja alifukua sanamu ya Nataraja, yaani Shiva achezaye ngoma ndani ya duara ya moto. Ikauzwa kwa siri, ikafika London, ikanunuliwa na kampuni ya Kanada, kisha polisi wakaishika. Kesi ilisikizwa mwaka 1988. Miongoni mwa wadai lilikuwamo hekalu lenyewe, ambalo kwa sheria ya India laweza kudai mali kama mtu, ijapokuwa lilikuwa limebaki magofu. Wataalamu wakaulinganisha udongo na alama za mchwa zilizokuwa juu ya Nataraja na zile za sanamu nyingine zilizofukuliwa Pathur. Hekalu likashinda, rufani ikakataliwa mwaka 1991, na Nataraja akarudi India mwaka huo huo. Hakurudi Pathur. Aliwekwa katika ghala ya serikali ya sanamu huko Tiruvarur, chini ya ulinzi, kwa sababu hekalu lake halikuwa na mlango wa kufungia.

Wezi hawakukoma. Nataraja mwingine, aliyeibwa katika hekalu la kijiji cha Sripuranthan, alinunuliwa na jumba la sanaa la Australia mwaka 2008 kwa dola zaidi ya milioni tano, akarudishwa mwaka 2014. Mwaka 2022 mahakama ya Kumbakonam ilimfunga mfanya biashara mmoja wa New York miaka kumi kwa ajili ya sanamu za hekalu jingine.

Mambo hayo yamewaletea mafundi wa Swamimalai shughuli wasiyoitazamia. Sanamu zao huagizwa na Watamil waliotawanyika Singapore, Malesia, Uingereza na Marekani, na mwaka 2023 Nataraja wa futi 27, mwenye uzito wa tani 18, alitoka kijijini hapo kwenda kusimama New Delhi mbele ya jumba la mkutano wa mataifa 20. Lakini fundi husifiwa kwa kufuata kazi ya mababu sawasawa, na kadiri aifuatavyo vizuri ndivyo sanamu yake inavyofanana na ya kale. Kwa sheria ya mwaka 1972 kitu cha namna hiyo kilichopita miaka 100 hakiruhusiwi kutolewa nchini na mtu binafsi. Kwa hiyo sanamu mpya, kabla ya kupakiwa sandukuni kwenda ng'ambo, hupelekwa kwa maofisa wa mambo ya kale, wakaigeuza huku na huku, wakatazama chini ya miguu yake, kisha wakaandika cheti kwamba haina umri.