Kizingiti cha Nyumba ya Mkwe, Nyamira



Usiku wa kuamkia safari yangu, mwanangu alinionyesha katika simu yake picha za malazi ya Japani. Ziko hoteli huko, na ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa Osaka mwaka 1979, ambamo msafiri hulala ndani ya kijumba mithili ya kasha, makasha yamepangwa juu kwa juu, na fungu lake ni godoro na taa. Akanionyesha pia mikahawa ambamo watu hulipa ili wanywe chai wakizungukwa na paka. Nilicheka, kwani Lamu paka hutuzunguka mezani wala hatulipi. Picha iliyonikaa moyoni ni ya Nishiyama Onsen Keiunkan, nyumba ya wageni iliyoanzishwa mwaka 705, inayohesabiwa kuwa hoteli kongwe kuliko zote duniani. Katika nyumba za wageni za jadi za Wajapani, mgeni huvua viatu mlangoni kabla ya jambo lolote. Nikamwambia mwanangu kwa mzaha kwamba nyumba hujulikana mlangoni mwake.

Mimi sikuwa nakwenda kutalii. Dada yangu alinituma. Binti yake ameolewa na kijana wa Kigusii aliyesilimu akiwa kazini Mombasa, na sasa wamehamia kwa wazee wa mume, kaunti ya Nyamira. Dada hakuwa na raha. Aliniambia, "Kaka, nenda ukaone kwa macho yako kama mwanangu amepokewa."

Nikapanda treni hadi Nairobi, kisha gari kupitia Narok, Bomet na Sotik. Baada ya Sotik nchi hubadilika: milima inakaribiana, migomba inasimama hadi ukingoni mwa barabara, na majani ya chai yanafunika miteremko kama zulia. Nililala usiku wa kwanza Kisii mjini, ambao wenyeji huuita pia Getembe au Bosongo. Katika chumba changu, kisahani cha sabuni, kinara cha mshumaa na hata kizuizi cha mlango vilichongwa kwa jiwe laini la Tabaka, la rangi nyeupe na waridi. Asubuhi nilikwenda Tabaka kwenyewe nikawakuta wanaume wakichonga na wanawake wakisugua kwa msasa na maji mpaka jiwe ling'ae. Nilirudi mjini kuswali adhuhuri, nikakutana na Wanubi, wazao wa askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la Waingereza, waliodumisha Uislamu katika mji huu kwa vizazi.

Jioni nilifika kwa wakwe. Mzee alinipokea kwa mikono miwili, akanikabidhi kuku na kisu, akasema, "Sheikh, chinja mwenyewe, ule kwa amani." Tulikula kuku huyo kwa ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga iliyolala katika maziwa. Nilipewa kulala katika esaiga, kijumba kinachosimama peke yake uani, ambacho kwa desturi ni cha vijana wa kiume wasiooa. Kitanda kilikuwa cha mbao, blanketi mbili nzito, na mvua ikapiga bati usiku kucha. Sijalala mahali kama pale tangu nilipokuwa mwanafunzi wa madrasa.

Siku ya pili ndipo moyo wangu ulipochafuka. Tulikuwa tumesimama nje ya nyumba ya mpwa wangu, mvua ya alasiri ikashuka ghafla kama ilivyo kawaida ya nchi ile. Nikakimbilia ndani, nikamwita mzee aingie. Hakuingia. Alijikunyata chini ya ukingo wa paa, maji yakimtiririka begani, akatabasamu tu. Nikakumbuka pia kwamba tangu nifike sikumwona akimpa mkono mkaza mwana wake, wala kukaa naye karibu. Nikasema moyoni: basi dada yangu alikuwa na haki ya kuhofu. Huyu mzee ananikirimu mimi, lakini nyumba ya Waislamu hataki kuikanyaga. Nilishika simu nimpigie dada. Mtandao ulikuwa dhaifu, na leo nashukuru kwa udhaifu huo.

Asubuhi yake mdogo wake mzee, mwalimu mstaafu, alinichukua hadi Keroka, mji uliokaa mpakani mwa Kisii na Nyamira. Tuliingia katika hoteli ndogo yenye mabenchi marefu, tukaletewa chai ya maziwa na ndizi za kuchemsha. Nikamweleza dukuduku langu. Mwalimu aliweka kikombe chini, akacheka mpaka watu wakageuka.

"Sheikh, baba wa Kigusii haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hiyo ni ensoni, yaani haya na heshima. Hata wale wanawe wengine wanaosali kanisani, nyumba zao hajaingia. Angeingia kwa binti yenu, hapo ndipo angekuwa amemvunjia heshima."

Nilinyamaza. Miaka mingi nimefundisha aya za Suratun-Nur zinazotuamrisha tusiingie nyumba za watu mpaka tuombe idhini na kutoa salamu. Sisi wa pwani tumejenga baraza ili mgeni akae nje ya nyumba bila ya kudharauliwa. Pamoja na elimu hiyo, niliona mtu amesimama kizingitini kwa heshima, nami nikamdhania chuki.

Niliporudi nilimweleza mpwa wangu. Akaniambia, "Mjomba, mimi mwezi wa kwanza nililia. Kisha mama mkwe akanieleza. Sasa chai ya baba naipeleka nje, chini ya mparachichi, naye hainywi mpaka aniombee dua kwa lugha yake."

Jioni ile nilipanda kilimani nikapata mtandao. Dada hakuuliza habari za safari. Aliuliza jambo moja tu: "Mkwe wake anaingia nyumbani kwake?"

Nikamjibu, "Haingii, alhamdulillah. Kaa kitako nikueleze."