Tairi Kubwa, Siri Kubwa

Kama umeolewa na mwanaume anayependa gari, utanielewa haraka. Kama bado, vuta kiti nikusimulie, maana mwaka jana nusura ndoa yangu iharibikie kwenye tairi nne.

Sisi ni wanandoa wa wikiendi. Mimi nafanya kazi Musoma, mume wangu kituo chake cha kazi kiko Bunda, na mama yake anaishi Butiama, ndani ndani kabisa, ukishaiacha lami. Ijumaa jioni mmoja anamfuata mwenzake, Jumapili tunakwenda kumsalimia mama, Jumatatu alfajiri kila mtu anarudi kwenye mshahara wake. Kinachotuunganisha ni Suzuki Escudo moja ya milango mitano, si ya jana wala juzi, injini ya sisi 2000, spea taya mgongoni. Tuliinunua kwa mkopo wangu wa kazini, kwa hiyo nayo naiheshimu kama mtoto wa tatu.

Masika ya mwaka jana, tukiwa Butiama, mama alizidiwa usiku. Presha ilipanda, akawa hasemi vizuri. Tukamlaza kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja yangu, safari ya kwenda hospitali Musoma ikaanza. Kutoka kwa mama hadi kwenye lami ni udongo mweusi mtupu, ule ambao kiangazi unapasuka nyufa na mvua ikinyesha unavimba na kunata kama ugali usioiva. Wanaopita Bunda kuingia Serengeti kwa geti la Ndabaka wanaujua vizuri udongo wa aina hiyo. Haujali una gari la bei gani.

Mume wangu aliweka fowili. Haikusaidia. Vijino vya tairi vilijaa tope, tairi zikawa laini kama andazi, gari likakalia tumbo. Saa tatu nzima tulikaa pale. Nilikuwa nahesabu pumzi za mama, moja moja, huku nikimsikia mume wangu nje anachimba kwa jembe na kulia kwa sauti ya chini, akidhani simsikii. Kulipopambazuka alitokea jirani na ng'ombe wake wanne wa kulimia, wakatuvuta.

Mama alifika hospitali na akapona, Mungu mkubwa. Aliyechelewa kupona ni mwanawe. Siku mbili hakusema kitu. Siku ya tatu akasema, "Haitatokea tena." Nikaitikia, "Sawa, baba." Sikujua nimesaini nini.

Zawadi kutoka Mwanza

Wiki chache baadaye alikuja Musoma na tairi mpya, pana, zina meno makubwa. Escudo ilikuwa kama imeenda gym. "Dili la rafiki yangu wa Mwanza," akasema, "kaniuzia bei ya bure." Nilifurahi, nikamkaangia sato.

Jumamosi nikaichukua kwenda sokoni. Nakata kona, usukani hadi mwisho, nasikia krrr! Nikashuka kuangalia, nikakuta tairi inasugua plastiki ya madigadi. Jumapili tukiwa njiani tunarudi kutoka Bunda, nikiendesha mimi, tukasimamishwa na trafiki kwenye kibao cha 50. "Mama, habari za safari? Umekuja na 55." Nikamwonyesha kwamba mshale wangu ulikuwa 52, na hapo ndipo nilipojimaliza mwenyewe, maana hata 52 ni kosa. Elfu thelathini ikaenda. Lakini zile tatu za ziada ziliniuma. Zimetoka wapi?

Jumatatu mchana nikaiendesha mwenyewe hadi gereji. Fundi alicheka. Akachutama kwenye tairi, akaanza kunisomesha namba zilizoandikwa ubavuni. Tairi za zamani zilikuwa 215/65R16, yaani upana milimita 215, kimo cha ubavu asilimia 65 ya huo upana, ringi inchi 16. Hizi mpya ni 235/70R16. Ukipiga hesabu, tairi imetoka kimo cha sentimita 68.6 hadi 73.5. Karibu sentimita tano.

"Sasa dada, tairi kubwa ikizunguka mara moja inakwenda mbali zaidi. Spidomita haijui kama umebadilisha. Inahesabu mizunguko ileile tu. Ikikwambia 80, wewe uko karibu 86."

Nikamuuliza, sasa huu msuguano? Akasema hizi tairi zinataka gari linyanyuliwe kidogo: spesa juu ya springi, shokapu ndefu kidogo, inchi mbili basi. "Zaidi ya hapo shafti za mbele zinakaa mshazari, mipira yake inachanika, kila mwezi utakuwa hapa kwangu." Halafu akaongeza, bila ubaya wowote, "Lakini si bosi ameshalipia? Alisema shemeji umekubali mtoe kwenye hela ya kiwanja."

Mwenzangu, masikio yalizibuka.

Hela ya kiwanja

Tulikuwa na akaunti ya kiwanja, miaka mitatu tunadunduliza, tukitaka sehemu kule Bweri. Nilipoangalia salio, milioni mbili na laki moja hazipo. Tairi nne, spesa, shokapu, ufundi. Hakukuwa na dili wala rafiki wa Mwanza.

Nilimpigia simu Bunda. Sikupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha. Nilimuuliza swali moja tu: "Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu ungekataa."

"Ningekataa kweli?"

Akanyamaza. Na mimi, niwe mkweli, nilinyamaza, kwa sababu huenda ningekataa. Ningesema tununue kiwanja kwanza, barabara itatengenezwa. Lakini nilikuwepo kwenye lile tope. Nilibeba kile kichwa kwenye mapaja yangu. Alinidharau kiasi gani hadi akadhani mama yake anamuuma peke yake?

Wikiendi mbili hatukuonana. Alilifuata gari akalipeleka kunyanyuliwa, mimi nikabaki Musoma na daladala zangu na hasira zangu. Kilichoturudisha pamoja ni kliniki ya mama. Tarehe ilifika, na mimi mkwe siwezi kumkasirikia mgonjwa.

Mama hapandi

Tukafika Butiama asubuhi. Sikatai, gari lilipendeza. Limesimama, kifua mbele. Mume wangu alilizunguka kama mtu anayeonyesha ng'ombe wa mahari. Akafungua mlango wa nyuma, "Mama, karibu."

Mama akaja taratibu na fimbo yake. Akainua mguu. Haukufika. Akajaribu mguu mwingine. Magoti yakakataa. Inchi mbili za springi ni sentimita tano, na tairi zimeongeza mbili na nusu. Kwa mimi na wewe, sentimita saba na nusu si kitu. Kwa mama wa miaka sabini na kitu mwenye magoti mabovu, ni ukuta.

Akashusha mguu, akamwangalia mwanawe. "Hili gari umemnyanyulia nani?"

"Wewe, mama."

"Uliniuliza?"

Kimya.

"Mkeo ulimuuliza?"

Kimya kilekile, kirefu zaidi. Mimi nikawa natazama migomba kana kwamba sijawahi kuiona. Mama hakusema zaidi. Alimtuma mjukuu ndani, akatoka na kigoda cha jikoni. Kikawekwa chini ya mlango, mama akapanda, akakaa, akasema, "Twende, tutachelewa." Kigoda kikaingia buti.

Njiani hakuna aliyezungumza hadi Makutano. Baada ya kliniki, mama akiwa amelala kwetu, mume wangu alikaa ukingoni mwa kitanda akaniambia kitu ambacho hakuwahi kukisema: usiku ule wa tope alihisi si mwanaume. Alitaka afanye jambo haraka, peke yake, ili hiyo hisia iondoke. Nikamwambia nilimsikia akilia. Alishtuka. Miezi yote ile aliibeba aibu ambayo mimi nilishaijua na wala sikuiona kama aibu.

Tulikubaliana mambo mawili. Anarudisha hela ya kiwanja kidogo kidogo kutoka kwenye posho zake za safari. Na kitu chochote cha kuzidi laki mbili, tunakaa mezani kwanza, hata kama mmoja anajua mwenzake atakataa. Hasa kama anajua atakataa.

Je, tairi zilisaidia?

Utauliza. Ndiyo, ila si kwa namna aliyodhani. Fundi alituelewesha kwamba kunyanyua springi kunainua bodi tu. Difu ya nyuma haipandi hata milimita, kwa sababu imekaa kwenye ekseli. Kinachoiinua ni tairi, tena kwa nusu tu ya kimo kilichoongezeka, yaani sentimita mbili na nusu. Kazi ya zile inchi mbili ni kuipa tairi nafasi isisugue.

Vuli ilipofika tulipita palepale. Safari hii tulisimama kabla ya tope, tukapunguza upepo kidogo, tukaweka fowili ya gia nzito tukiwa bado pakavu, tukaenda polepole bila kukanyaga mafuta kwa papara. Mimi nilitangulia kwa miguu na gambuti kuonyesha njia. Tulipita. Tukajaza upepo kwa pampu ndogo kabla ya kurudi lami. Ukiniuliza, nusu ya kazi ilifanywa na tairi, nusu ilifanywa na watu wawili waliokuwa wanasemezana.

Kiwanja bado hatujanunua. Kigoda bado kiko buti. Mama anakiulizia kila tukifika, kabla hata ya salamu.

Kama na ninyi mnafikiria

• Nunueni tairi tano, si nne. Ukifunga spea ndogo kwenye gari kama letu kisha ukaweka fowili, magurudumu yanazunguka tofauti na difu zinaumia.

• Someni namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka tairi ilipotengenezwa. Tairi inaweza kung'aa na ikawa kikongwe.

• Gari likinyanyuliwa, lipimeni alaimenti siku hiyohiyo, la sivyo tairi mpya zitaliwa upande mmoja.

• Tairi nzito inakula mafuta, inachelewesha breki, na gari refu linayumba zaidi kwenye kona. Punguzeni mwendo, na muwaambie watu wa bima.

• Kabla ya yote, muulizeni atakayepanda.