Oblivion Mpya Haina Kazi na Daftari la Braza

Ukimuuliza dogo mmoja wa Tabata kuhusu gemu ya The Elder Scrolls IV: Oblivion, atakuambia ilitoka tarehe 22 Aprili 2025. Ukimuuliza kaka yake, aliyemzidi miaka kumi na moja, atakuambia ilitoka Machi 2006 na hiyo ya dogo ni mekapu tu. Wote wana pointi, na ndiyo maana kwa wiki mbili sebule ile haikukalika.

Kwa ambao hamjafuatilia: ya kwanza ni kazi ya Bethesda wa Marekani. Hii mpya wameifanya na studio ya Virtuos, wakaiachia siku ile ile waliyoitangaza. Picha zinachorwa na Unreal Engine 5, ila chini kabisa injini ya zamani ndiyo bado inaendesha mambo: nani analala wapi, upanga unaumiza kiasi gani, mlinzi anakudaka lini. Ni daladala kuukuu iliyovalishwa bodi mpya, na bodi yenyewe nzito balaa. Ya 2006 iliomba nafasi ya GB 4.6. Hii inaomba 125! Dogo aliishusha kwa bando la usiku karibu wiki nzima, na mama akawa anauliza kwa nini kompyuta hailali.

Ilipowaka, braza alivuta kiti, akaanza kukosoa. Majani yalikuwa ya kijani kibichi, sasa dunia nzima imeelekea kahawia. Mtu anatimua mbio! Zamani hakukuwa na kutimua mbio, ulikuwa unatembea mpaka unazeeka. Kwenye sauti hakuwa na neno, maana zamani Maoki na Wanodi walitumia sauti ya mtu mmoja, mpaka unadhani mji mzima ni ukoo. Sasa wamerekodi upya, kila kabila na mdomo wake.

Lakini kilichomuuma braza hakikuwa majani. Ni daftari.

Alipokuwa sekondari, akicheza kwenye kompyuta kukuu huku amempakata huyo huyo dogo kwa sababu mama alikuwa zamu ya usiku, alikuwa na daftari la kurasa 96 la kuhesabia. Aliyecheza ile ya zamani anajua. Unachagua ujuzi saba mkuu. Ukiupandisha mara kumi kwa jumla, unaenda kulala kitandani, unaamka na leveli mpya, unachagua sifa tatu za kuongeza: nguvu, akili, kasi, na kadhalika. Mtego uko hapo. Sifa inaongezeka kwa moja mpaka tano, kutegemea umefanyia mazoezi nini kabla ya kulala. Ili upate tano kwenye nguvu, lazima uwe umepandisha ujuzi wa upande huo mara kumi. Usipohesabu unaambulia mbili mbili. Na maadui wanapanda leveli pamoja na wewe! Kwa hiyo uliyepanda vibaya ulikuwa unazidi kuwa mnyonge kadiri unavyokua. Watu walianza upya baada ya saa arobaini, wanalia.

Ndiyo maana ya daftari. Mistari ya penseli, tarehe, mishale. Braza alilitunza miaka yote, na dogo alipomaliza kushusha gemu, alilitoa kabatini na kumpa mkononi.

Dogo akafungua, akapekua, akacheka. "Braza, mbona hii hawatumii tena?"

Kweli hawatumii. Kwenye toleo jipya kila leveli unapewa pointi 12, unazigawa kwenye sifa mpaka tatu, mwisho tano kwa kila moja. Bahati tu ndiyo ghali, pointi nne kwa kupanda moja. Hakuna kuhesabu. Unacheza unavyotaka, unalala, unagawa, basi. Hata ujuzi ambao si mkuu sasa unachangia kupanda. Kwa mtu mgeni ni haki kabisa. Mfumo wa zamani ulikuwa unaadhibu watu kwa kucheza, na yeyote anayeutetea leo anatetea ujana wake.

Braza hakusema kitu. Alikuwa anahamia Dodoma kikazi mwisho wa mwezi, na haikuwa siri pale nyumbani kwamba hizi wiki mbili alizipangia. Alirudisha daftari kabatini, kwa siku kadhaa akawa anapita sebuleni na simu sikioni.

Kilichomrudisha ni Kvatch, mji ule uliovamiwa na mashetani. Dogo aliuacha, akazurura, akapanda leveli mpaka akajiona mfalme, ndipo akaingia. Akapigwa kama ngoma. Kitu hicho hawajakigusa: maadui bado wanakua na wewe, na Kvatch ni mahali pa kwenda mapema, ukiwa bado mdogo na wao bado wadogo.

"Braza, hapa wanapitaje?"

"Ulichelewa, dogo. Sogea."

Hawakupita usiku ule. Badala yake braza alimpeleka jiji kuu, hekaluni, kwa mwanamama mmoja wa Kielfu anayefundisha ufasaha. Mwaka 2006 aliyerekodi sauti yake alikosea mstari, akaomba aurudie, akaurudia, na yote yakaingia kwenye gemu bila mtu kukata. Braza alitaka kujua kama wameifuta. Alishusha sauti ya televisheni, akamwambia dogo aongee naye.

Yule mama akakosea, akaomba arudie, akarudia. Vile vile, neno kwa neno.

"We!" dogo akaruka. "Wameiacha makusudi?"

Braza alikuwa ameshachukua pedi, anamrudia mama yule mara ya pili.